Kufufua Gitaa la Sintesaiza la Zamani na Kuliundia Mwenzake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gitaa la sintesaiza ni nini hasa, na ni mitambo ipi inayozungumziwa hapa?

Ni gitaa la umeme ambalo, mbali na pikapu zake za kawaida (vipokezi vya mtetemo wa nyuzi), lina pikapu nyembamba iliyowekwa karibu na daraja, yenye koili sita ndogo, kila koili chini ya uzi wake. Mawimbi sita hayo hayachanganywi; husafiri kila moja kwenye waya wake hadi kwenye kasha linalokaa sakafuni, na humo ndimo sauti ya sintesaiza, yaani sauti inayoundwa na saketi za umeme, inamozaliwa. Maelezo haya yanahusu hasa kizazi cha Roland kilichotumia kebo ya pini 24: kasha la GR-300 lililotoka mwaka 1980, pamoja na magitaa yake kama G-303, G-505, G-808 na G-202. Huo ndio mtambo alioutumia Pat Metheny, na baadhi ya wapigaji wengine wa wakati huo kama vile Andy Summers, Robert Fripp na Adrian Belew. Mwenye kasha la aina nyingine ya enzi hiyo atafaidika na sehemu kubwa ya majibu haya, lakini asiutegemee mpangilio wa pini bila kuuhakikisha kwanza.

Je, gitaa lolote lenye tundu la pini 24 linaweza kuunganishwa na GR-300?

Hapana. GR-500 ya mwaka 1977 na gitaa lake la GS-500 zinatumia tundu linalofanana kabisa kwa macho, lakini mpangilio wa waya ndani yake ni tofauti, na kuziunganisha na GR-300 ni kuhatarisha vyote viwili. Kwa upande mwingine, G-707, gitaa lenye fimbo ya ziada inayounganisha kiwiliwili na kichwa, lilitoka mwaka 1984 pamoja na GR-700 na linaelewana vizuri na GR-300. Kulikuwa pia na vifaa vya LPK-1, vilivyotengenezwa ili mafundi waweze kuvifunga ndani ya gitaa la aina nyingine. Kwa hiyo usishangae ukikutana na gitaa lisilo na jina la Roland lakini lenye tundu hilo.

Nianzie wapi: kwenye gitaa, kwenye kebo au kwenye kasha?

Anzia kwenye uzi. Watu wengi hukimbilia kasha, kwa sababu ndilo lenye saketi nyingi na ndilo linaloonekana kuwa la kutisha, wakati hitilafu nyingi ziko njiani kabla umeme haujafika huko. Fuata safari ya wimbi jinsi lilivyo: uzi, koili, bodi ndogo ya kukuza sauti iliyo ndani ya gitaa, tundu la gitaa, kebo, tundu la kasha, na mwisho saketi ya kasha.

Nilijifunza utaratibu huu kwa hasara. Gitaa langu la kwanza la aina hii lilikuwa na uzi wa nne uliokuwa ukinong'ona kisha kunyamaza, nami nikaamua kwamba chipu ya uzi huo ndani ya kasha imekufa. Nikaing'oa, nikaweka mpya, na hali ikabaki ileile. Siku mbili baadaye, nikiwa nimeshika gitaa chini ya taa na kioo cha kukuzia, niliona duara jembamba jeusi kuzunguka pini moja ya tundu, mahali risasi ya kuchomelea waya ilipokuwa imepasuka kwa miaka mingi ya kebo kuvutwa huku na huku. Tone moja la risasi mpya likairudisha sauti. Chipu niliyoing'oa ilikuwa nzima.

Kebo ya pini 24 nitaipima vipi?

Kwa multimita (kipimo cha umeme) na subira. Pima kila pini ya upande mmoja dhidi ya pini yake ya upande wa pili, kisha pima kila pini dhidi ya jirani zake ili kuhakikisha hazigusani. Hatua hii ya pili ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu kebo hiyohiyo inayobeba mawimbi dhaifu ya nyuzi ndiyo pia inayopeleka umeme chanya na hasi kutoka kwenye kasha kuendesha bodi iliyo ndani ya gitaa. Waya wa umeme ukigusa waya wa wimbi, kinachoungua ni kifaa ambacho huenda hakitengenezwi tena.

Tikisa kebo karibu na kila kichwa unapopima, kwani waya uliokatika ndani huweza kuonekana mzima ukiwa umetulia. Viguso vyake ni vipande bapa vya chuma, navyo hushika kutu nyembamba; visafishe kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, wala usitumie msasa, maana utaondoa tabaka la juu linalovilinda. Kebo nzima ikishindikana, vichwa vya kebo vya umbo hilo bado vinapatikana, kwa kuwa ni umbo lilelile lililotumiwa kwenye vyombo vya maabara vya GPIB.

Uzi mmoja unasikika kwa udhaifu kuliko mingine. Je, koili imekufa?

Mara nyingi haijafa. Kwanza bonyeza uzi huo kwenye freti ya mwisho na uangalie nafasi kati yake na pikapu. Nafasi ya takriban milimita 1 inafaa, na pikapu ikiwa imelala upande utaona nyuzi za upande mmoja zikizidi kuwa dhaifu. Pili, ikiwa bodi yako ina virekebishi vya nguvu ya sauti ya kila uzi, weka alama ya penseli mahali kila kimoja kilipo kabla ya kukigusa, kisha ukizungushe polepole. Kirekebishi cha miaka 40 hupoteza mguso kwenye sehemu moja na kuupata tena ukikisogeza kidogo.

Baada ya hapo ndipo upime ukinzani wa koili zote sita. Usitafute namba ya kwenye vitabu. Linganisha koili zenyewe kwa zenyewe. Tano zikikaribiana na moja ikaonyesha ukinzani usio na mwisho, hiyo imekatika. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na kuusuka upya ni kazi ya fundi wa pikapu.

Kasha limekaa miaka mingi bila kuwashwa. Naweza kuliwasha tu?

Tafadhali usifanye hivyo. Jambo la kwanza ni kusoma kibandiko cha umeme nyuma ya kasha, kwa sababu yale yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yanataka volti 100, na ukiliunganisha kwenye umeme wa volti 230 transfoma yake haitakusubiri ujirekebishe. Hilo linahitaji transfoma ya nje ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi mahitaji ya kasha.

Kisha lifungue likiwa limechomolewa, na ukague fyuzi, waya wa umeme na kapasita kubwa za elektroliti. Kapasita iliyovimba juu, au iliyoacha doa la kahawia kwenye bodi, iondolewe kabla ya lolote. Kwa uwashaji wa mara ya kwanza mimi hutumia taa ya zamani yenye waya unaowaka, siyo ya LED, iliyofungwa mfululizo na kasha. Taa ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna mahali umeme unapovuja kwa nguvu. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima mara moja, kuna kitu kimegusana ndani. Sehemu ya transfoma na swichi ina umeme wa ukutani wenye uwezo wa kuua, na mtu asiyezoea kazi hiyo amwachie fundi umeme hatua hii yote.

Je, nibadilishe kapasita zote kwa pamoja?

Badilisha za elektroliti zilizo kwenye sehemu ya umeme, kwani hizo huzeeka hata zikiwa zimekaa bure, na mngurumo mwingi wa makasha haya hutoka humo. Chagua zenye volti sawa au zaidi ya za asili, za daraja la nyuzijoto 105, na uweke moja baada ya nyingine ili usipoteze mwelekeo wa chanya na hasi. Zilizo kwenye njia ya sauti zibadilishwe panapokuwa na sababu. Kapasita za filamu na za kauri ziache zilivyo.

Ninasisitiza hili kwa sababu bodi za wakati huo zina njia za shaba zinazobanduka kwa urahisi ukizichoma mara nyingi, na nimeona makasha yaliyokuwa na kasoro moja yakigeuka kuwa na kumi baada ya mtu mwenye nia njema kubadilisha kila kitu kwa jioni moja.

Nobu zinakwaruza.

Puliza kisafishio cha viguso kinachoacha mafuta kidogo, zungusha kila nobu mara ishirini au thelathini, uache kikauke. Zile za kwenye gitaa zina umuhimu zaidi kuliko watu wanavyodhani, kama itakavyoonekana chini.

Kwa nini GR-300 inaitikia haraka kuliko mitambo ya MIDI (inayotuma noti kama amri za kidijitali) iliyokuja baada yake?

Kwa sababu haisubiri kuijua noti. Mtambo wa MIDI hauna budi kupima urefu wa wimbi, kuamua kwamba hii ni noti fulani, kisha kutuma amri. Uzi mnene wa E, ukiwa wazi, hutetemeka kwa Hz 82.4, maana yake wimbi moja kamili huchukua zaidi ya milisekunde 12; na kwa kuwa chombo chenye busara hutaka mawimbi mawili kabla ya kuamini, tayari umechelewa kwa milisekunde 24 kabla hesabu nyingine haijaanza. Uzi mwembamba wa E, kwa Hz 329.6, unahitaji milisekunde 3 tu kwa kila wimbi. Ndiyo maana wapigaji hulalamikia nyuzi nene peke yake.

Ndani ya GR-300 oseleta za kila uzi, yaani saketi zinazozalisha wimbi la sauti, hufungwa kwenye mtetemo wa uzi wenyewe, hivyo ukiuvuta uzi kwa kidole sauti inavutika nao, na ukiukwaruza, mkwaruzo huo unasikika.

Sintesaiza mwenza inayotajwa ni kitu gani, na kwa nini niiunde ilhali kasha tayari linatoa sauti?

Ni sintesaiza ndogo ya analogi ya sauti moja, inayopata maagizo yake kutoka kwenye uzi mmoja au zaidi wa gitaa hilohilo, na kusimama kando ya kasha. GR-300 ina tabia moja iliyo nzuri sana, lakini kichujio chake, yaani saketi inayopunguza baadhi ya masafa ya sauti, ni kimoja kwa nyuzi zote, na huwezi kuipa besi sauti yake huku nyuzi za juu zikiimba kwa sauti nyingine. Mwenza anayefuata uzi wa sita peke yake, akishuka oktavo moja chini, hujaza pengo hilo kwa namna ambayo kasha haliwezi.

Nitayapataje mawimbi ya nyuzi bila kukata chochote cha asili?

Tengeneza kisanduku cha kati chenye matundu mawili ya pini 24, moja kwa gitaa na jingine kwa kasha, pini zote zikiwa zimeunganishwa moja kwa moja. Kutoka kwenye pini za nyuzi unazozitaka, toa tawi linaloingia kwenye bafa ya op-amp (chipu inayonakili wimbi bila kulipunguza), kwa mfano TL072, ambayo ukinzani wake wa kuingilia ni mkubwa kiasi kwamba kasha halitatambua kuwa kuna msikilizaji wa pili. Namba za pini uzichukue kwenye mwongozo wa ufundi wa chombo chako, kisha uzithibitishe kwa osiloskopu (kifaa kinachoonyesha umbo la wimbi) kwa kupiga uzi mmoja mmoja.

Kisanduku hicho kina zawadi nyingine. Nobu za kichujio zilizo kwenye gitaa hutuma volti kupitia kebo hiyohiyo. Ukiichukua volti hiyo nayo kwa bafa, ukaipima inaanzia wapi na kuishia wapi, kisha ukaipeleka kwenye kichujio cha mwenza, nobu moja iliyo chini ya mkono wako wa kulia itafungua vichujio viwili kwa pamoja. Kwangu mimi hapo ndipo mradi huu ulipoacha kuwa vyombo viwili vilivyowekwa sakafu moja.

Ninaigeuzaje sauti ya uzi kuwa volti ya noti?

Hili ndilo gumu kuliko yote. Wazo la haraka ni kulisafisha wimbi kwa kichujio, kulifanya mraba kwa kilinganishi (saketi inayolinganisha volti mbili), na kupima muda kati ya kingo mbili. Kwenye karatasi linafanya kazi. Kwenye uzi halifanyi, kwa sababu uzi uliopigwa karibu na daraja una sauti ya pili, yenye frikwensi maradufu, inayoweza kuizidi sauti ya msingi, na kilinganishi kikahesabu mara mbili. Unapiga E na mwenza anapaza oktavo ya juu. Kichujio pekee hakitoshi, kwani uzi wa sita huanzia Hz 82 ukiwa wazi na kufika karibu Hz 294 kwenye freti ya 22, na sauti ya pili ya noti ya chini, yaani Hz 165, iko katikati ya eneo unalotaka lipite.

Dawa yake ni kufuatilia vilele. Weka kapasita inayojazwa na kilele cha wimbi na kuvuja polepole kupitia rezista, halafu ruhusu kilinganishi kiitikie pale tu wimbi linapokizidi kiwango hicho. Kilele kidogo cha sauti ya pili kinapita chini ya kiwango bila kuhesabiwa. Muda wa kuvuja ndio siri yake: ukiwa mfupi makosa ya oktavo yanarudi, ukiwa mrefu noti laini iliyopigwa baada ya noti kali inapotea. Tarajia kuketi na gitaa mapajani na kubadilisha rezista hiyo mara nyingi.

Kingo zikishapatikana safi, kidhibiti kidogo cha kidijitali kinaweza kupima muda na kutoa volti kupitia kigeuzi kama MCP4822, chenye biti 12 na upeo wa volti 4.096, yaani milivolti 1 kwa kila hatua. Katika mfumo wa volti 1 kwa oktavo, nusu-toni ni milivolti 83.3, hivyo kila hatua ni kama senti 1.2 ya muziki (nusu-toni moja ni senti 100), kiasi ambacho sikio halikigundui. Na gitaa zima lenye freti 22, kutoka E ya chini kabisa hadi D ya juu kabisa, lina nusu-toni 46, sawa na volti 3.83. Linatosha humo bila kubakisha nafasi kubwa.

Nitumie oseleta ya aina gani?

Kwa mjenzi wa mara ya kwanza napendekeza AS3340, ambayo ni mrithi wa CEM3340. Sababu kuu ni joto. Oseleta inayojengwa kwa transista za kawaida hutegemea uhusiano ambao oktavo moja ni takriban milivolti 18 kwenye bezi ya transista, na kiasi hicho hubadilika kwa karibu asilimia 0.33 kwa kila nyuzijoto moja. Chumba kikiongezeka nyuzijoto 3 tu, umbali wa oktavo tatu unakosewa kwa senti 36 hivi, zaidi ya theluthi ya nusu-toni, na hakuna atakayevumilia hilo akisimama kando ya gitaa lililotyuniwa. AS3340 ina fidia ya joto ndani yake. Kapasita yake ya kupanga frikwensi iwe ya C0G (aina ya kauri isiyoyumbishwa na joto) au polistaireni, na rezista ya upande hasi wa umeme ikokotolewe kwa kufuata karatasi ya maelezo, kwa kuwa chipu hiyo haikubali volti hasi 12 au 15 bila kinga.

Iache ipate joto nusu saa kabla ya kuirekebisha. Rekebisha kwanza uwiano wa volti 1 na 2, kisha 1 na 4, halafu rudia.

Kuhusu kichujio na umbo la sauti?

Kichujio cha chipu ya LM13700 kinatosha na ni rahisi kukijenga. Ninalolitilia mkazo ni umbo la sauti. Wajenzi wengi huweka saketi ya ADSR, inayopanga jinsi sauti inavyopanda, kushuka, kudumu na kufifia, kwa mazoea ya kinanda, na matokeo yake ni mwenza anayepiga kelele kwa nguvu ileile hata mpigaji akigusa uzi kwa ncha ya kidole. Uzi tayari una umbo lake. Pitisha wimbi lake kwenye kinyoosha-wimbi kamili na kichujio cha polepole, na volti itakayotoka iendeshe amplifaya na kichujio kwa pamoja. ADSR iwepo kama nyongeza, kwa swichi.

Mwenza anaunguruma nikiunganisha vyote. Kwa nini?

Kwa kawaida ni athi iliyounganishwa mahali zaidi ya pamoja. Mpe mwenza umeme wake mwenyewe, usiuchote kwenye kasha la zamani ambalo transfoma yake ilikadiriwa kwa kazi yake tu, kisha unganisha athi za vyombo viwili sehemu moja pekee, ndani ya kisanduku cha kati. Waya wa athi ya kinga wa umeme wa ukutani usikatwe kamwe kwa ajili ya kuondoa mngurumo.

Je, nyuzi za nailoni zinafaa?

La. Koili husikia chuma tu.

Gitaa langu jipya lina tundu la GK, mfumo wa baadaye wa Roland, la pini 13. Naweza kulitumia?

Unaweza kwa kigeuzi, siyo kwa kebo ya kuunga tu, kwa sababu bodi ya GK hutumia takriban volti 7 chanya na hasi, na udhibiti wake umepangwa kwa namna nyingine. Kwa kasha la asili, gitaa la pini 24 hubaki kuwa chaguo bora.

Nitajuaje kwamba kazi imefika mahali pake?

Zima pikapu za kawaida. Weka kasha na mwenza kwenye noti moja, mwenza akiwa oktavo moja chini, fungua vichujio nusu kwa nobu ya gitaa, kisha piga uzi wa sita mara moja na uuache. Sauti mbili zianze pamoja kwa sikio, zififie pamoja, na uzi unapokaribia kunyamaza mwenza asiruke oktavo ya juu wala kukatika ghafla. Rudia ukiuvuta uzi kwa kidole kwenye freti ya saba. Vyombo vyote viwili vipande nao na kushuka nao. Mwenza akibaki nyuma au akiruka, rudi kwenye rezista ya kifuatilia vilele.